Chujio la Mzee Joel Halioshwi

Nyinyi vijana mnaonipigia simu kuuliza kama bado natengeneza matangi ya samaki, jibu ni hapana. Mkono wangu wa kulia unatetemeka, na kioo hakikatwi na mkono unaotetemeka. Kilichobaki ni mdomo. Kwa hivyo vuteni viti niwaambie mambo ambayo ile video mliyotazama haikuwaambia, na pia jinsi posa ya mtu ilivyokaribia kuvunjika kwa sababu ya ndoo iliyooshwa vizuri.

Kazi hii niliifanya Kericho mjini maisha yangu yote ya utu uzima. Najua mnacheka. Mke wangu pia alicheka. Baba mkwe hakucheka, na hilo lilikuwa baya zaidi. Mahali ambapo kila mtu ana chai, ng'ombe na mahindi, mwanamume mzima akisema anatengenezea nyumba samaki wasioliwa, watu wanamwangalia kama anayechunga paka. Lakini wateja walikuwapo. Kulikuwa na hoteli, kulikuwa na daktari wa meno aliyetaka wagonjwa watazame kitu kingine kando na koleo lake, na kulikuwa na walimu waliostaafu. Mwalimu akistaafu ni lazima apate kitu cha kusimamia.

Aliyenifundisha ni Mzee Njuguna, mwenye duka la vioo vya madirisha karibu na soko. Hakuwahi kufuga samaki hata mmoja, lakini kioo alikijua. Alinifundisha kukwaruza mara moja tu na kuvunja bila woga, maana ukirudia mstari kioo kinachagua njia yake. Alinifundisha kwamba gundi nzuri ya silikoni ni ile inayonuka siki ikiwa mbichi, na kwamba ile ya bafu iliyoandikwa inazuia ukungu itazuia na samaki pia. Zaidi ya yote alinifundisha kungoja ikauke. "Kioo hakina haraka, Rono," alikuwa akiniambia. "Haraka ni yako."

Tangi langu la kwanza nililijaza maji kesho yake baada ya kulibandika, kwa sababu mteja alikuwa amealika watu. Lilishikilia mpaka familia ilipofumba macho kuombea chakula. Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki, lakini wahenga hawakuwa na mteja amesimama mlangoni na mataulo. Tulizoa. Njuguna alipopata habari hakunigombeza, ila kwa miaka mingi kila tulipokutana aliniuliza kama bado namwaga maji kwa nyumba za watu.

Sasa taa. Zamani nilikuwa nachukua kipande cha gata la bati, lile la kukingia maji ya paa, nakigeuza juu chini juu ya tangi, nafunga balbu mbili ndani. Kisha nabandika ile karatasi ya kung'aa iliyo ndani ya magunia ya kufungia chai, upande wa fedha ukiangalia maji. Mwanga wote unashuka kwa samaki badala ya kupotea kwenye dari. Siku hizi mna utepe wa LED, na ni mzuri, hauli stima. Tafadhali msiweke zile taa za buluu za bodaboda. Kijana mmoja wa Kabianga aliweka, zikawa zinawaka na kuzima, na samaki wake wakakaa nyuma ya jiwe kama watu waliosikia chifu anakuja na askari. Washeni jioni mkiwa mmekaa kuwatazama, mzime mkienda kulala. Ukiacha taa siku nzima, au ukiweka tangi dirishani, maji yatageuka kijani na hutaona samaki wala sababu ya kuwa nao.

Waya wa taa na wa pampu uning'inie chini kuliko soketi kabla ya kupanda juu. Tone la maji likifuata waya litaangukia sakafuni, si ndani ya soketi. Hapo sifanyi mzaha.

Na huku kwetu ni baridi, kwa hivyo fugeni wale samaki wa rangi ya machungwa ambao baridi hawaijali. Bwana mmoja alinunua samaki wa maji ya joto Nairobi, wadogo, wenye mistari. Usiku wa baridi akawaonea huruma akatia ndani koili ya kuchemshia maji ya kuoga. Asubuhi aliniita nije nione kwa nini hawaogelei. Nikaona. Nikamwambia wameiva.

Lakini roho ya tangi ni chujio, na hapo ndipo wengi wenu mtaharibu.

Chukua ndoo ya lita ishirini, itoboe chini, iweke juu ya tangi. Ndani panga sifongo ya godoro nyeupe, kisha mawe mepesi yenye matundu, kisha sifongo tena. Mara moja nilitumia sifongo nyekundu ya kochi, maji yakawa ya waridi. Mteja alipenda sana. Samaki hawakupenda. Pampu ndogo inakaa ndani ya tangi, inapandisha maji kwenye ndoo, maji yanapita kwenye hivyo vitu na kuanguka tena tangini. Kabla pampu hizi hazijafika madukani kwetu, mimi na Njuguna tulikuwa tunatumia ile ya gari inayorushia maji kwenye kioo cha mbele, tukiifunga kwa betri.

Mnadhani kazi ya chujio ni kushika uchafu. Hiyo ni kazi ndogo. Samaki anakojoa humo humo anamopumulia, na mkojo wake ni sumu. Kwenye sifongo na mawe wanaingia wadudu wadogo sana wasioonekana, wanakula ile sumu. Wanachukua wiki nyingi kuzoea mahali. Wakishazoea, chujio linakuwa na utelezi wa kahawia na harufu ya udongo. Huo ndio uzima wenyewe. Nyinyi wa nyumba za maziwa mtaelewa upesi: kibuyu kipya hakitoi mursik ya maana, yale maziwa yetu ya kugandishwa, ni kile cha zamani ambacho mama amekitumia mpaka kimejua kazi. Chujio ni hivyo hivyo. Ukitaka kumsaidia rafiki aanze tangi jipya, usimpe samaki. Mpe kipande cha sifongo chako kichafu. Na ukiosha, suuza tu kidogo na maji yale yale ya tangi, sehemu moja leo, nyingine mwezi ujao.

Niliwaambia wateja wote hivyo. Nilimwambia hata Mzee Joel wa Sosiot. Tatizo ni kwamba sikumwambia mke wake.

Mzee Joel alikuwa mwalimu mkuu aliyestaafu, na mzee wa kanisa. Alikuwa mtu wa kusema sentensi moja kwa saa. Binti yake wa mwisho, Chelangat, akiwa anasoma chuo cha Kabianga, alimletea samaki watatu wa machungwa kutoka kwa mradi wa wanafunzi uliofungwa. Aliwaleta kwa mkebe mkubwa wa mafuta ya kupikia, amewapakata mpaka nyumbani. Mzee akasema, "Hizi sasa ni za nini?" Wiki iliyofuata aliniita nimtengenezee tangi. Kila nilipopita nilimkuta ameketi mbele yake, redio imezimwa. Chelangat akipiga simu kutoka chuo, salamu za kwanza zilikuwa za samaki, na mzee angejibu kwa urefu ambao hakuwahi kumjibu mtu mwingine kuhusu jambo lolote.

Basi Chelangat akamaliza chuo, akasema kuna kijana anaitwa Mwangi, wa Kedowa, si wa kabila letu, na watu wao wanataka kuja. Mzee Joel hakukataa. Alisema waje. Ila kuanzia siku hiyo, mama yake Chelangat aliniambia, alikuwa analisha samaki na haongei.

Asubuhi ya posa simu yangu ikalia. Alikuwa Mzee Joel.

"Chamgei, fundi. Hizi samaki ziko juu, zinapiga mdomo tu. Na wageni wako njiani."

Nilikata kipande cha sifongo kutoka chujio langu la nyumbani, nikakitia kwenye mkebe na maji yake, nikapanda pikipiki. Nilipofika niliinua mfuniko wa ndoo. Chujio lilikuwa linameta. Mawe yalikuwa meusi, mazuri, na yalinuka moshi.

"Nani ameosha hii?"

Mama Chelangat alikuja kutoka jikoni, mikono bado ina unga. "Ni mimi. Si nilikuwa naosha vibuyu vya mursik ya wageni juzi? Nikaona hiyo ndoo inanuka. Nikaosha kama kibuyu. Maji moto, nikasugua na kijiti, na mawe nikachoma na makaa ya senetwet."

"Mama..."

"Ilikuwa inanuka, Rono! Watu watoke Kedowa wakuje wapate nyumba yangu inanuka?"

Mtajua kwamba senetwet ni ule mti ambao makaa yake tunapaka ndani ya kibuyu ili maziwa yasiharibike. Hakuna mwanamke Sosiot nzima aliyejua kuosha kibuyu kuliko huyu mama. Aliliosha chujio kwa ufundi wake wote na kwa heshima ya wageni, na hakubakiza mdudu hata mmoja. Nilishindwa kumlaumu. Nilimwambia tu kwamba hii ni ile aina ya kibuyu ambayo haioshwi, na akaketi chini pale pale na apron yake, akaficha uso.

Mzee Joel alikuwa amesimama nyuma yangu na suti yake ya kanisa.

"Mimi ni mzee wa kanisa," akasema. "Siamini ishara."

Akainama, akawatazama samaki.

"Lakini hizi samaki za Chelangat zikikufa leo, hiyo mambo ya posa tutaongea mwaka ingine."

Mlangoni pa jikoni sufuria iliwekwa chini polepole. Chelangat alikuwa amesikia. Alinitazama mimi, kama vile mimi ndiye niliyekuwa mchungaji, na sikuwahi kutamani kuwa fundi wa friji kama dakika ile. Zamani wazee wa posa wakikutana na mnyama mbaya njiani walikuwa wanarudi nyumbani. Hawa hawangerudi, lakini wangepata mwenyeji ambaye ameshapata sababu, na mtu anayetafuta sababu humpi moja.

Nilizima pampu, nikatoa nusu ya maji, nikajaza pole pole na ya mvua kutoka tangi la nje, maana ya mfereji yana dawa. Nikaweka ile sifongo yangu chafu katikati ya yale mawe yaliyooshwa kwa upendo. Pampu ikanguruma, maji yakaanza kuanguka. Samaki wakashuka kidogo kutoka juu. Nikajua wakipata hewa siku nzima wataweza kungoja wadudu wazoee.

Wageni wakaingia mkono wangu ukiwa bado ndani ya tangi mpaka begani. Aliyetangulia, na fimbo na kofia, akiwa babu wa bwana harusi na msemaji wao, alikuwa Mzee Njuguna. Sikuwa nimemwona tangu afunge duka akaenda kukaa kwa mwanawe Kedowa.

"Kai! Rono?" akasema. "Bado unamwaga maji kwa nyumba za watu?"

Wakaketi. Maombi yakafanywa, marefu. Kisha, kama mnavyojua mchana wa huku kwetu, mvua ya mawe ikaja. Ilipiga mabati hata hatukusikiana, ikapiga majani chai yote ya Sosiot, na stima ikapotea. Pampu ikanyamaza. Samaki wakapanda juu tena, midomo wazi.

Dawa yake ni ya kijinga lakini ndiyo pekee. Unachota maji ya tangi na kikombe, unayamwaga kutoka juu yarudi na hewa. Unachota, unamwaga. Nilianza. Posa ikaendelea nyuma yangu kwa sauti za chini, na wazee wakizungumza kwa mafumbo, na mimi nikiwa namwaga. Baada ya muda bega likaanza kulia. Nikasikia kiti kikisogea. Mwangi alikuwa amesimama, kijana mrefu, mkono mbele kuomba kikombe.

"Mgeni wa posa hafanyi kazi kwa hii nyumba," Mzee Joel akasema. Na ni kweli, huo ndio utaratibu. Anayekuja kuomba msichana anakaa anaangalia chini mpaka neno likubaliwe.

Njuguna akagonga fimbo sakafuni. "Sasa, mwalimu. Tukae tu tuangalie zikikufa, ndio tuonekane tuko na adabu?"

Mvua ikapiga. Mwisho Mzee Joel akasema, bila kumtazama kijana, "Kikombe iko hapo."

Mwangi alianza vibaya. Alimwaga kutoka juu sana akaloanisha suruali yake na Biblia ya mzee mmoja. Nikamwambia karibu na kioo, mkondo mwembamba. Akajifunza. Alipochoka shangazi yake akachukua. Kisha mjomba wa upande wetu, maana alisema watu wa Kedowa hawawezi kutuokolea samaki peke yao. Kwa vile mlio wa maji ulimzuia anayemwaga kuwasikia wengine, ikawa kwamba mwenye kikombe ndiye anayeongea, na wengine wananyamaza. Hakuna aliyepanga hivyo. Lakini mzee akiwa ameinua mkono juu hawezi kuzunguka kijiji kizima kabla ya kufikia neno. Mafumbo yakaisha. Mzee mmoja anayejulikana kwa hotuba za saa nzima alisema, "Tunampenda huyu msichana, hatuna mengine," akapitisha kikombe. Tunasema mgeni njoo mwenyeji apone, na mimi bega langu lilipona.

Kikombe kikafika kwa Mzee Joel. Alivua koti. Akachota, akamwaga. Akachota, akamwaga.

"Alizileta kwa mkebe," akasema mwishowe, akiwatazama samaki. "Nikamuuliza ni za nini. Akasema, Baba, ni za kukaa na wewe nikienda." Akamwaga tena. "Sasa anaenda. Mimi sina ubaya na Kedowa. Hata mahali pengine ningesumbua hivi hivi. Ni vile hii nyumba itakuwa kimya, na mimi sijui kuongea."

Mzee Joel akageuka akampa Mwangi kikombe. Alikishikilia kidogo kabla ya kukiachilia.

"Pole pole," akamwambia. "Usizishtue."

Mzee Njuguna akavua kofia, na wote tukajua imekubaliwa. Mama Chelangat akaleta mursik, na ilikuwa nzuri sana, maana vibuyu vilikuwa safi.

Baadaye, tukiwa bado tunamwaga kwa zamu, Njuguna alininong'oneza, "Lakini Rono, si tumekuja na gari? Mbona hukutoa ile pampu ya kioo ukaifunga kwa betri, vile nilikufundisha?" Nikamwambia sikuweza kufungua gari la wageni kabla ya neno kukubaliwa. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimesahau. Stima ilirudi jioni. Samaki mmoja alikufa Jumatatu, na Mzee Joel akamzika chini ya majani chai, akasema Jumatatu haihesabiki.

Harusi ilifanywa mwaka huo huo. Mzee Joel aliniagiza tangi lingine, la kupeleka Kedowa, na hiyo ilikuwa moja ya kazi zangu za mwisho. Nilingoja silikoni ikauke hata nikaitwa mvivu. Siku ya kuwapeleka maharusi kwao, nilikuwa ndani ya gari moja na wazee. Mama Chelangat alikuwa amepakata kibuyu. Mzee Joel, na suti, alikuwa amepakata ule mkebe wa mafuta ya kupikia, na kila tulipopita shimo aliufunika kwa mikono yote miwili. Ndani kulikuwa na sifongo ya chujio lake, kahawia, yenye utelezi, ikielea kwenye maji ya Sosiot. Hakukuwa na samaki. Harufu ilikuwa kali na vioo vya gari vilifungwa kwa ajili ya vumbi.

Kule Kedowa mama yake Mwangi alitupokea vizuri sana. Alipokea kibuyu, alipokea mkebe, akaufungua kidogo, akaufunga haraka, na kwa heshima zote akaanza kuelekea kwenye mfereji. Mama Chelangat, na nguo zake za sherehe, akamkimbilia na kusimama kati yake na mfereji.

"Mama Mwangi," akasema, "hiyo haioshwi."

Mzee Joel akauchukua mkebe, akavuka sebule yote iliyojaa watu, akamwekea binti yake mikononi. Chelangat akaufungua, akainamisha uso, akavuta pumzi, na akaanza kulia.

Wageni wakadhani ni ile harufu. Wakamfungulia dirisha.